Marejeo ni Ngamani: Maneno ya Kale Katika Kazi ya Istilahi

Utangulizi

Katika kazi ya istilahi ipo furaha moja isiyoandikwa katika kumbukumbu za vikao, nayo ni furaha ya kulikuta neno la kale. Mfasiri huweza kuhangaika na dhana moja siku mbili tatu, akajaribu kuunda neno likakataa, akakaribia kutohoa la kigeni. Kisha akifunua kamusi kuukuu, au akimwuliza fundi mmoja wa pwani, hulikuta neno la Kiswahili lililokuwapo miaka yote, limekaa kimya, na maana yake imekamilika. Aifahamuye kazi hii hatatuuliza furaha hiyo ina ladha gani.

Furaha hiyo ina manufaa yake, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wasichoke kutafuta. Lakini yaweza pia kumpotosha mwenye nayo, akalipenda neno kwa ugeni wake tu, si kwa kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mifano ya historia, mahali maneno ya kale yalikojificha, njia yaliyopitia kurudi katika matumizi, na masharti yafaayo kuzingatiwa kabla ya kulirudisha neno kazini. Hoja yetu kubwa ni moja: kila tuambiwapo kwamba neno fulani limesahauliwa, hapana budi tuulize kwanza, limesahauliwa na nani?

Methali kama ghala

Ghala la kwanza la maneno ya kale ni methali. Methali hukaririwa kama ilivyo, na kwa sababu hiyo huhifadhi maneno ambayo mazungumzo ya kila siku yameyaacha. Tuchukue methali ijulikanayo na kila mwalimu: "Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni kuwa mtu hata akisafiri mbali namna gani, mwisho hurejea kwao. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini ukiwauliza tezi ni nini, wengi watakutajia kiungo cha mwilini walichokisoma katika somo la biolojia. Na omo na ngama hawatakuwa na la kusema.

Maneno yote matatu ni ya chombo cha baharini. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma, upande wa usukani. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yapenyayo katika mbao hukusanyika. Hapo ndipo mabaharia huyafua maji hayo, yaani huyateka na kuyamwaga nje. Baharia anaweza kwenda mbele kutazama njia, au nyuma kwa mshika usukani, lakini hana budi kurudi ngamani, maana maji yasipofuliwa chombo huzama. Mwanafunzi akielezwa hivyo, methali inaongezeka uzito. Hapo hamkuti msafiri mwenye hamu ya nyumbani peke yake, bali pia mtu arudiye mahali pa kazi, kazi isiyoonekana inayokiweka chombo juu ya maji.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba maneno haya hayakusahauliwa na watu wote. Yamesahauliwa darasani na maofisini. Kwa fundi wa majahazi au baharia aliyezoea vyombo vya tanga, omo ni omo tu, wala halina ukale wowote.

Hesabu iliyopotea

Mfano wa pili umo katika hesabu. Kila asemaye Kiswahili leo huhesabu moja hadi tano kwa maneno ya Kibantu. Kisha hutumia sita na saba, ambayo ni ya Kiarabu. Hurudi kwenye Kibantu kwa nane. Hutumia tisa la Kiarabu. Na humaliza kwa kumi, la Kibantu. Mahali pa sita, saba na tisa palikuwa na maneno mengine: tandatu, mfungate na kenda. Kenda bado linajulikana, hasa kwa washairi, ambao hulihitaji kwa vina. Tandatu limebaki katika lahaja za kaskazini na katika maandishi ya zamani. Ama mfungate, mtu angeweza kudhani kwamba limekufa kabisa.

Lakini halikufa. Limo katika neno fungate, ambalo magazeti hulitumia kila wiki kwa mapumziko ya maarusi baada ya harusi. Kwa asili fungate ni siku saba ambazo maarusi hukaa ndani baada ya ndoa. Hivyo mtu asemapo "fungate ya siku saba" ametaja saba mara mbili bila kujua, na asemapo "fungate ya wiki tatu" ameipanua saba ikafika ishirini na moja. Hatusemi kwamba amekosa, kwa kuwa matumizi yamekwisha kuliachia neno maana pana. Twasema tu kwamba ndani ya neno la furaha mmejificha tarakimu.

Na tukivuka mpaka wa Kiswahili hatua chache tu, tarakimu hiyo twaikuta ikitembea mchana. Wasambaa na Wazigua wanalo neno lile lile kwa saba. Wagiriama, kwa matamshi yao, husema handahu kwa sita, fungahe kwa saba, na chenda kwa tisa. Mwalimu wa Kiswahili aliye Lushoto au Kilifi aweza kulifundisha jambo hili bila kamusi yoyote. Awaulize wanafunzi wake bibi zao huhesabuje.

Siku za juma nazo zina alama ya historia hiyo hiyo. Tuanzapo na Jumamosi, ambamo mmehifadhiwa neno mosi, twafika Jumatano, siku ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, neno litokalo katika tano ya Kiarabu, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma letu basi lina siku mbili za tano, moja kwa kila hesabu, na hakuna aliyewahi kukosa miadi kwa ajili hiyo.

Safari ya neno mwongo

Tungependa kukaa zaidi kidogo juu ya neno mwongo, kwa sababu safari yake inafundisha mengi. Hatuna maana ya mtu asemaye uwongo, ambaye wingi wake ni waongo. Twazungumzia mwongo ambao wingi wake ni miongo.

Neno hili ni la hesabu ya kumi. Katika baadhi ya lugha za Kibantu bado lina kazi hiyo: Wakikuyu na Wanyarwanda husema mirongo itatu, kila kundi kwa matamshi yake, wakikusudia thelathini. Katika Kiswahili liliachia nafasi hiyo, likabaki mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kalenda ya mabaharia na wakulima wa pwani. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, na miezi yake huzunguka majira yote. Haiwezi kumwambia baharia lini kusi itaanza kuvuma, wala mkulima lini apande. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa na mwaka mwingine wa siku 365, ulioanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo hadi leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo haukugawanywa kwa miezi. Uligawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 hufanya siku 360, na siku tano husalia kuukamilisha mwaka. Nahodha alijua katika mwongo wa ngapi aondoke na katika mwongo wa ngapi asithubutu kung'oa nanga. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, Siku ya Mwaka hurudi nyuma katika kalenda ya kizungu takriban siku moja kila miaka minne. Katika zama zetu huangukia mwezi Julai.

Mahali pa pili neno lilipobaki ni pa ajabu zaidi, kwa kuwa ni mdomoni mwa kila mtu. Tusemapo "miongoni mwa wajumbe," miongoni hiyo ndiyo miongo yetu: katika hesabu ya wajumbe, katika idadi yao. Mtumishi wa serikali aandikaye barua tano kwa siku hulitumia neno hili labda katika zote, wala hajui kwamba anashika kalenda ya mabaharia.

Ilipohitajika istilahi ya kipindi cha miaka kumi, mwongo ulikuwa tayari. Leo twasema muongo uliopita, miongo miwili ya uhuru, na kadhalika. Wengi huandika muongo, kwa u, ili kulitenga na yule msema uwongo. Hapa neno la kale halikubadilishwa maana bali lilikuzwa tu: kumi ilibaki kumi, siku zikawa miaka. Hii ndiyo sababu moja kubwa iliyolifanya likubaliwe.

Kutoka baharini hadi nchi kavu

Baadhi ya wasomaji huona kwamba kulipa neno la kale kazi mpya ni jambo la wataalamu, lililoanza na kamati. Historia haikubaliani nao. Wasemaji wa Kiswahili wamekuwa wakifanya hivyo kabla ya kuwako kamati yoyote, na ghala lao kubwa lilikuwa chombo cha baharini.

Tazama neno rubani. Alikuwa mjuzi aongozaye chombo majini; leo hurusha ndege. Nahodha aliyekuwa mkuu wa jahazi sasa huongoza pia timu ya mpira. Usukani umehamia katika motokaa. Nauli iliyokuwa malipo ya kusafiri kwa chombo leo hudaiwa na makondakta wa mabasi, na shehena hupakiwa katika malori yasiyowahi kuiona bahari. Neno chombo lenyewe limeingia katika vyombo vya habari na vyombo vya usalama.

Lakini mfano tuupendao kuliko yote ni taruma. Mataruma ni mbao za kuimarisha kiunzi cha chombo, kama mbavu zishikazo ubavu wake. Ujenzi wa reli ulipoanza katika pwani yetu, Tanga mwaka 1893 na Mombasa mwaka 1896, palikuwa na kitu kipya kilichohitaji jina: magogo yanayolazwa kukingama chini ya vyuma vya reli, yakivishika visiachane. Mataruma ya reli yakapata jina lao kutoka ubavuni mwa chombo. Na leo, katika reli ya kisasa, mataruma hayo yametengenezwa kwa zege, si mbao tena, na jina halikutikisika. Neno limevuka kutoka mti hadi chuma na kutoka chuma hadi zege, kwa sababu lilichaguliwa kwa kazi ya kitu, si kwa sura yake. Mwenye kuunda istilahi na alikumbuke hilo.

Makamusi mawili ya mwaka 1939

Tukiacha vinywa vya watu, ghala jingine ni makamusi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya Kimvita, na kamusi yake ikachapwa London mwaka 1882, baada ya kufariki kwake. Edward Steere alikusanya ya Kiunguja, na kitabu chake cha sarufi na msamiati kikatoka mwaka 1870. A. C. Madan akaendeleza kazi hiyo hadi kamusi yake ya mwaka 1903.

Mwaka 1939 ni wa kukumbukwa, kwa kuwa ulitoa makamusi mawili yenye nia tofauti. La kwanza ni lile la Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi hiyo ilijengwa juu ya msingi wa Madan, kwa lengo la kuimarisha Kiswahili sanifu kilichotokana na Kiunguja. La pili lilichapwa Paris, kazi ya padri Mfaransa Charles Sacleux, naye aliandika maneno ya lahaja nyingi za pwani na kuonyesha kila neno ni la wapi. Lile la kwanza lilituambia tuandike nini, na la pili likatuonyesha watu husema nini. Shule zilifuata la kwanza, kama ilivyopasa. Taifa lisilo na lugha sanifu haliwezi kuchapa hata kitabu cha hesabu. Lakini hapo ndipo maneno mengi yalipoanza kuitwa ya kale, hali yalikuwa ya Mombasa, ya Lamu au ya Pemba. Kuachwa nje ya usanifu si sawa na kufa. Mfasiri atakayelizingatia hilo ataisoma alama ya "kale" katika kamusi kwa tahadhari.

Utaratibu wa istilahi uliokubaliwa katika nchi yetu unakiri jambo hili. Huagiza kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo iendewe lugha ya kigeni. Kwa hatua ya pili tumepata ikulu, makao ya mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ngeli, kutoka Kihaya. Na kitivo, neno la Wapare na Wasambaa la bonde lenye rutuba, ambalo sasa ni idara kubwa ya chuo kikuu. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, neno kung'atuka la Kizanaki, la wazee kuwaachia nafasi rika linalofuata, lilienea nchi nzima kwa muda mfupi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mara mbili, maana tendo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yao.

Masharti ya kulirudisha neno

Kutokana na mifano hii twapendekeza masharti manne.

(a) Maana ya kale ijulikane kwa yakini, na maana mpya isiipinge. Tanzania ilipotunga mpango wake wa muda mrefu, iliuita Dira ya Maendeleo ya Taifa 2025, na ule uliofuata, wa 2050, ukarithi jina la dira. Kenya, kwa dhana hiyo hiyo, ilichukua neno jingine la kale na kusema Ruwaza ya Kenya 2030. Ruwaza ni kielelezo, mfano wa kufuatwa. Maneno yote mawili ni mazuri, lakini kila moja lina masharti yake. Dira ni chombo cha baharia cha kuonyesha uelekeo. Dira hufuatwa, haifikiwi. Hata hivyo mara nyingi twasoma katika hotuba na taarifa kwamba wananchi wafanye bidii ili "kuifikia dira." Baharia aifikiaye dira yake hajaondoka alipo! Kinachofikiwa ni bandari. Kadhalika mhimili ni boriti au nguzo inayobeba uzito wa jengo. Tusemapo mihimili mitatu ya dola, tumekwisha kusema kwamba paa ni moja na kwamba mmoja ukilegea yote itaelemewa. Mwandishi alijuaye neno tangu asili yake hulitumia kwa nguvu zake zote.

(b) Neno lisigongane na lililo hai. Mwongo uliponea kwa tofauti ya wingi na ya tahajia. Tezi la chombo halikupata bahati hiyo, na hatudhani yafaa kulirudisha mbele ya tezi la mwilini.

(c) Neno liweze kuzaa. Istilahi isiyonyambulika hubaki tasa, na kila dhana iliyo jirani yake itahitaji neno jingine.

(d) Watumiaji walikubali. Neno rununu, ambalo kwa asili ni uvumi, lilipewa kazi ya kutaja simu za mkononi. Shule na magazeti ya Kenya yamelilea, nalo linaishi huko. Tanzania wengi walikwisha kusema simu ya mkononi, na wakaridhika. Neno la kale likikuta neno wazi limekwisha kukaa, halina haki ya kulifukuza kwa sababu ya umri wake.

Mahali pa kutafuta sasa

Makamusi ya zamani hayatakimbia. Yamehifadhiwa katika maktaba. Lakini yale ambayo hayakuandikwa yamo katika kazi za watu: ususi wa ukili, uundaji wa majahazi, uvuvi wa madema, uchongaji wa milango, ufinyanzi, uwambaji wa ngoma. Kila kazi ina maneno ya sehemu, ya vipimo, ya kasoro na ya hatua, na hayo ndiyo hasa wahandisi, matabibu na walimu wa sayansi wanayotuomba. Boti za plastiki zikichukua nafasi ya mitumbwi na majahazi, na vijana wakiacha kurithi ufundi, maneno hayo yataondoka pamoja na wenyewe. Hapo ndipo usahaulifu wa kweli unapotokea, na hautapata kamusi ya kuutibu.

Kwa hiyo twawaomba walimu, wafasiri na watumishi walio mikoani wasingoje safari za watafiti. Mtu akutanapo na neno, aandike neno lenyewe na wingi wake. Maana kama alivyoieleza msemaji. Mahali na kazi linamotumika. Na sentensi moja kamili iliyosemwa, isiyotungwa na mwandishi. Mambo manne hayo yatosha kuanzia. Kama kitu kina mchoro, mchoro huo una thamani kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Na akifanya hivyo ataionja ile furaha tuliyoitaja mwanzoni. Aipokee bila haya, kisha aendelee na kazi iliyobaki: kuliuliza neno linaweza kufanya nini leo, na kwa nani. Neno haliwi limepatikana kwa sababu afisa mmoja amelifurahia katika daftari lake. Limepatikana siku ile mwanafunzi anapolitumia katika mtihani, au karani katika barua, wala asihisi kwamba ametumia neno la ajabu.